Jina Letu Limechukuliwa: Migogoro ya Majina ya Tovuti na Jinsi Inavyoamuliwa



Karibu kila kituo cha afya, shule na kikundi cha uzalishaji tunachofanya nacho kazi kina tovuti sasa, au kinatarajia kuwa nayo. Katika semina zetu swali moja limekuwa likijirudia: iwapo mtu mwingine ametuwahi na kuandikisha jina letu kwenye intaneti, je, tunaweza kulirudisha? Jibu fupi ni kwamba wakati mwingine inawezekana, tena bila kufika mahakamani. Lakini yapo masharti, na wengi huyafahamu baada ya jina kuwa limekwisha kwenda. Tumeona ni vema kueleza suala hili kwa kirefu, kwa kuwa linagusa fedha za wafadhili, barua pepe za ofisi na heshima ya miradi yenyewe.

Jina la kikoa ni kitu gani?

Kompyuta zinazohifadhi tovuti hutambuana kwa namba. Kwa kuwa binadamu si mwepesi wa kukariri namba ndefu, uliwekwa utaratibu wa majina, nayo huitwa majina ya vikoa. Ni yale maneno yanayofuata alama ya @ katika barua pepe ya ofisi, na ndiyo hayo hayo mtu anayoandika anapotafuta tovuti yenu. Mfumo mzima unaratibiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1998 huko California, Marekani. ICANN haimwuzii mtu jina moja kwa moja. Kazi hiyo hufanywa na makampuni yanayoitwa wasajili.

Msajili hakuulizi wewe ni nani wala kama jina unaloomba ni la kikundi cha jirani yako. Akikuta halijachukuliwa anakupa, na gharama ya mwaka kwa jina la kawaida linaloishia kwa .com au .org huwa haizidi bei ya mfuko wa mbolea. Anayewahi ndiye anayepata. Tena ikumbukwe kuwa jina hilo hulinunui likawa lako daima. Unalikodi kwa muda, na usipolipia tena linarudi sokoni.

Alama ya biashara ni kitu kingine kabisa. Hii ni haki ya kisheria ya kutumia jina au nembo kwa aina fulani ya bidhaa au huduma, ndani ya nchi fulani. Kwa Tanzania Bara huandikishwa BRELA, na Zanzibar ina ofisi yake, hivyo aliyeandikisha upande mmoja hajalindwa upande wa pili. Wengi walikasirika mwaka 2018 zilipoenea habari kwamba kampuni ya Disney "inamiliki" maneno hakuna matata. Ukweli ni kwamba mwaka 2003 Disney iliandikishiwa maneno hayo nchini Marekani kuwa alama ya biashara kwa ajili ya mavazi. Haikupewa uwezo wa kutuzuia sisi kusalimiana. Hata hivyo hasira ile tunaielewa, maana maneno yale yalikuwepo midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya fulana hizo.

Hapo ndipo mzizi wa migogoro ulipo. Tuseme lipo duka la dawa liitwalo Upendo huko Moshi, na kiwanda cha mikate kiitwacho Upendo huko Mwanza. Kisheria wanaweza kuishi kwa amani, kwani mteja hawezi kuchanganya dawa na mkate. Lakini kwenye intaneti upendo.com ni moja tu duniani kote, na kama imechukuliwa na mtu wa Ulaya au Asia, wote wawili wamekosa.

Ilivyoanza

Mwaka 1994 makampuni makubwa yalikuwa bado hayajaipa intaneti uzito. Mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, alipokuwa akiandaa makala kwa ajili ya jarida la Wired, aliandikisha mcdonalds.com kwa jina lake mwenyewe baada ya kuwauliza wenye migahawa hiyo kama wanalihitaji na kuona hawaonyeshi kujali. Baadaye walipolitaka aliwaachia, kwa sharti kwamba watoe dola 3,500 zisaidie shule moja ya Brooklyn kupata vifaa vya intaneti. Ulikuwa mzaha wenye manufaa, na shule ilinufaika.

Waliofuata hawakuwa na mzaha. Dennis Toeppen wa jimbo la Illinois aliandikisha zaidi ya majina mia moja yaliyofanana na ya makampuni mashuhuri. Kampuni ya kamera za filamu ya Panavision ilipotaka kufungua tovuti mwaka 1995 ikakuta jina lake limechukuliwa, na kwenye ukurasa huo ziliwekwa picha za mji mdogo uitwao Pana zilizopigwa kutoka angani. Toeppen alidai dola 13,000. Kampuni ilikataa ikaenda mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba biashara ya kushikilia majina ya wengine ili kuwauzia wenyewe si matumizi halali.

Hata taasisi zisizo za kibiashara zilikumbwa. PETA, shirika la kutetea wanyama, lilikuta mwaka 1996 kwamba peta.org iko mikononi mwa mtu aliyefungua ukurasa wa kuwakejeli, wenye kichwa kinachosema watu wanaokula wanyama watamu. Mwenye ukurasa alijitetea kuwa huo ni utani. Mahakama ya Rufaa ilimkatalia mwaka 2001, kwa sababu anayeandika peta.org anatarajia kulikuta shirika lenyewe, na hawezi kuugundua utani kabla hajafika kwenye ukurasa. Kwa mashirika kama yetu hukumu hiyo ina maana kubwa: sheria ya alama hailindi wauza soda na magari peke yao.

Mahakama, hata hivyo, ni ghali na ni za nchi moja moja. Mlalamikaji yuko Nairobi, mlalamikiwa yuko Kanada, msajili yuko Arizona. Ni nani atamshitaki nani, na wapi? Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lenye makao yake Geneva, lilichunguza suala hilo na kutoa mapendekezo mwaka 1999. Mwaka huo huo ICANN ilipitisha Sera ya Pamoja ya Kusuluhisha Migogoro ya Majina ya Vikoa, inayojulikana kwa herufi UDRP. Kila anayekodi jina linaloishia kwa .com, .org au .net anakubali sera hiyo katika mkataba wake na msajili, hata kama hajausoma. Kwa sababu hiyo msuluhishi aliyeko Geneva anaweza kuamua juu ya jina la mtu aliyeko popote.

Mambo matatu ya kuthibitisha

Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu, yote kwa pamoja. Akikosa hata moja ameshindwa.

La kwanza, kwamba ana haki katika alama fulani, na kwamba jina linalogombewa linafanana nayo au linakaribiana nayo kiasi cha kumchanganya mtu. La pili, kwamba aliyelichukua hana haki wala sababu halali ya kuwa na jina hilo. La tatu, kwamba jina liliandikishwa kwa nia mbaya na linatumiwa kwa nia mbaya. Tunaomba msomaji aliangalie neno "na" katika sharti hili la tatu, kwani limewaangusha wengi. Mtu aliyeandikisha jina mwaka 2004, wakati kikundi chenu hakijazaliwa, hawezi kwa kawaida kusemwa kuwa aliwanuia mabaya siku ile, hata kama leo anawadai fedha nyingi.

Sera inataja mifano ya nia mbaya: kuandikisha jina ili kumwuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama, kumzuia asilipate ikiwa ndiyo desturi yako, kumvuruga mshindani, au kuwavuta watu waje kwako wakidhani wewe ni yeye. Shauri la kwanza kabisa kuamuliwa lilikuwa la aina hiyo. Mkazi mmoja wa California aliandikisha worldwrestlingfederation.com mwezi Oktoba 1999, na siku tatu baadaye akawaandikia wenye mieleka hiyo akiwauzia kwa dola 1,000. Malalamiko yalifunguliwa WIPO Desemba 2, siku moja tu baada ya sera kuanza kutumika, na uamuzi ukatolewa Januari 14, 2000: jina wapewe wenyewe.

Shauri la mwimbaji Madonna, la mwaka huo huo wa 2000, linafundisha zaidi. Mfanyabiashara Dan Parisi alikuwa amenunua madonna.com kwa dola 20,000 na kuweka humo picha za watu wazima. Alijitetea kuwa madonna ni neno la kawaida la kamusi, na kwamba yeye ana alama ya biashara ya neno hilo aliyoiandikisha nchini Tunisia. Malalamiko yalipofika, alitaka kulihamishia jina kwa hospitali moja ya Lincoln, Nebraska, inayoitwa kweli Madonna. Wasuluhishi hawakushawishika. Walisema alama iliyoandikishwa nchi ya mbali ambako huna shughuli haikupi haki, na kwamba hisani kwa hospitali baada ya ugomvi kuanza haifuti nia uliyokuwa nayo mwanzoni. Mwimbaji alipewa jina.

Lakini Sting, mwimbaji wa Uingereza, alishindwa miezi michache kabla ya hapo. Neno hilo kwa Kiingereza ni ule uumaji wa nyuki, na aliyekuwa na sting.com alionyesha kuwa alilitumia kama jina lake la utani katika michezo ya kompyuta. Wala hakuwa akiuza muziki.

Inavyoendeshwa

Mlalamikaji hupeleka malalamiko yake kwa moja ya taasisi zilizoidhinishwa na ICANN, WIPO ikiwa ndiyo yenye mashauri mengi zaidi. Mwaka 2023 pekee ilipokea zaidi ya 6,000. Malalamiko huandikwa na kutumwa kwa barua pepe. Hakuna kusafiri, na kwa kawaida hakuna kusimama mbele ya yeyote. Lugha ni ile ya mkataba wa usajili, ambayo mara nyingi ni Kiingereza.

Taasisi humwuliza msajili ni nani hasa mwenye jina, na msajili hulifunga lisiweze kuhamishwa. Hatua hii ni muhimu tangu mwaka 2018, kwani baada ya sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu kuanza kutumika, majina na anuani za wenye vikoa zimefichwa katika orodha za wazi. Unaweza kufungua malalamiko pasipo kumjua unayemlalamikia. Mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Akikaa kimya, shauri linaendelea bila yeye, na wengi hukaa kimya. Kisha msuluhishi mmoja, au jopo la watatu, huteuliwa na kutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 14. Kwa jumla huchukua miezi miwili hivi.

Gharama kwa WIPO ni dola 1,500 kwa jina moja hadi matano mbele ya msuluhishi mmoja, na dola 4,000 kwa jopo la watatu, mbali na malipo ya wakili kama umemtumia. Kwa kampuni ya kimataifa hizo ni fedha ndogo. Kwa kikundi cha akina mama wanaosindika asali ni mizinga mingi. Na ukishinda hupati fidia hata senti. Msuluhishi anaweza kuamuru mambo mawili tu, jina lihamishiwe kwako au lifutwe. Aliyeshindwa ana siku 10 za kazi kufungua kesi mahakamani, na akifanya hivyo msajili hatekelezi uamuzi mpaka kesi hiyo iishe.

Utaratibu huu umelaumiwa pia, na lawama nyingine zina uzito. Mlalamikaji ndiye anayechagua taasisi ya kusikiliza shauri lake, na ni wazi atapenda ile inayowapa ushindi watu kama yeye. Kampuni ya eResolution ya Kanada, iliyokuwa miongoni mwa taasisi za mwanzo, ilifunga shughuli zake mwaka 2001 ikisema walalamikaji wameikimbia kwa sababu hiyo. Wapo pia wakubwa wanaotumia malalamiko kuwatisha wadogo wenye haki. Msuluhishi anaweza kutamka kwamba mlalamikaji ametumia vibaya utaratibu akijaribu kupora jina, lakini tamko hilo halina faini.

Atakaye kujua uzito wa ugomvi wa namna hii akiangukia kwa mkubwa, amwangalie Uzi Nissan wa North Carolina. Nissan lilikuwa jina lake la ukoo, sawa na ule mwezi wa Kiyahudi, Nisani, tunaousoma katika kitabu cha Nehemia. Aliandikisha nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya duka lake la kompyuta. Mwishoni mwa 1999 kampuni ya magari ya Japani ilimshitaki mahakamani ikidai dola milioni 10. Kesi ilidumu miaka mingi. Hakunyang'anywa jina, na alikuwa nalo hadi alipofariki mwaka 2020, lakini kushinda kwa namna hiyo kulimgharimu biashara na sehemu kubwa ya maisha yake.

Na sisi je?

Kwanza, si lazima alama yako iwe imeandikishwa. Wasuluhishi hukubali pia jina lisiloandikishwa, endapo utaonyesha kwa ushahidi kuwa watu wanalitambua kuwa lako: umelitumia miaka mingapi, umeuza kiasi gani, magazeti yameliandika vipi, wafadhili wamekuandikia kwa jina gani. Cheti cha usajili wa asasi peke yake hakitoshi, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mpo, hakionyeshi kwamba jina linajulikana. Tunzeni basi taarifa za mwaka, vipeperushi vya zamani, lebo za bidhaa na barua, zote zikiwa na tarehe.

Pili, tuseme wazi kuwa majina tunayoyapenda ndiyo dhaifu kuliko yote. Upendo, Tumaini, Amani, Faraja, Huruma: ni majina mazuri, na yana maana kwetu, lakini ni maneno ya kila mtu. Yeyote duniani anaweza kuonyesha sababu halali ya kuwa na tumaini.org. Kuongeza jina la kijiji au la kazi mnayofanya hakuwahakikishii ushindi, ila kunapunguza kugombana. Jina kama Asali Bora nalo lina udhaifu wake, maana linaeleza bidhaa tu, na hakuna msuluhishi atakayewazuia wengine kuita asali yao bora bila ushahidi mzito.

Tatu, na hapa tunaomba viongozi wa miradi watusikilize kwa makini, hatari kubwa zaidi mara nyingi haitoki Ulaya wala Marekani. Inatoka kwa kijana aliyewatengenezea tovuti akaandikisha jina kwa jina lake na barua pepe yake, kisha akahama au mkakosana juu ya malipo. Mbele ya msajili mwenye jina ni yeye. Wasuluhishi wa UDRP huwa wagumu kuingilia mambo ya namna hiyo, wakisema huo ni ugomvi wa mkataba na mahali pake ni mahakamani, kwani jina liliandikishwa kwa idhini yenu. Hakuna ulaghai wowote uliofanyika siku ile. Andikeni jina kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya ofisi isiyo ya mtu binafsi, na nywila ihifadhiwe na watu wawili.

Nne ni kusahau kulipia. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Kwa majina ya .com na .org msajili anaweza kuwapa hadi siku 45 za kulipa baada ya muda kwisha, ingawa wengine hutoa chache. Likishafutwa zipo siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu. Baada ya hapo liko wazi, na zipo programu zinazovizia majina yaliyoachwa usiku na mchana. Likiondoka, barua pepe zote za jina hilo zinaondoka nalo. Mfadhili anayewaandikia atakuwa anamwandikia mtu msiyemjua.

Jambo hili la mwisho limezidi kuwa baya. Mashauri mengi ya siku hizi yanahusu majina yaliyobadilishwa herufi moja tu ili kutuma ankara za uongo na namba mpya ya akaunti. Likiwapata, msianze na malalamiko ya UDRP, kwani miezi miwili ni mingi mno fedha zikiwa njiani. Anzeni kwa kumpigia mfadhili simu, kisha benki, kisha polisi, na mwandikieni msajili wa jina hilo mkiambatanisha barua ya uongo. Wasajili wana kitengo cha kupokea taarifa za matumizi mabaya. UDRP ifuate baadaye ili jina lenyewe litoke mikononi mwa matapeli.

Majina yanayoishia kwa .tz hayaongozwi na UDRP moja kwa moja. Kila nchi hujiwekea utaratibu wake kwa kikoa chake, na .tz ina sera yake ya usuluhishi. Hivyo hivyo kwa jirani zetu wenye .ke. Mwenye mgogoro wa jina la namna hiyo asome kwanza sera ya kikoa husika kabla ya kuandika malalamiko.

Vikundi vinavyotaka kujua jina lao limeandikishwa kwa nani, na linakwisha muda lini, walete kwa mratibu nakala ya risiti ya mwisho ya malipo ya tovuti. Kwenye risiti ndipo jina la msajili linapoonekana, na kutoka hapo mengine huulizwa kwa barua pepe moja.